Brick Game ya Mzee Kaloki

Katika mwili wote wa Mzee Kaloki, kilichobaki kazini ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Sehemu nyingine zilikuwa zimejipa likizo tangu Machi, siku alipoanguka kwenye bafu la ploti pale Mashimoni, Kibera, sabuni mkononi. Mguu wa kushoto uligoma, mkono wa kushoto ukaunga mkono mgomo, mdomo ukapinda, maneno yakaisha. Kidole tu ndicho kilichokataa kugoma. Kilikuwa kikibonyeza shuka, kinatulia, kinabonyeza tena.

Kila aliyekuja kumwona mgonjwa aliondoka ameacha maelezo yake. Mkewe, Mukai, alisema mzee anaomba. Jael wa mlango wa pili alisema anataka rimoti ya TV. Wakampa rimoti, akaiangusha. Anko Nzuki, mdogo wake mzee, alisema ile ni mishipa tu, kama mkia wa mjusi unavyorukaruka ukishakatika. Alisema hivyo akinywa chai ya watu wale wale.

Ndanu, binti yao, hakuwa na maelezo. Tangu Machi alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: uko, unauona, lakini ukiufinya ni kama unafinya wa jirani. Alimwosha baba yake, akambadilisha nguo, akampeleka kliniki kwa mazoezi kila Jumanne, kisha akaenda saluni kule Olympic kusuka wateja na kuwachekesha, maana mteja akisukwa bila stori kesho anakaa kiti cha mwingine. Machozi hayakuja. Aliyangoja wiki mbili, tatu, halafu akaachana nayo.

Alhamisi Anko Nzuki alipiga simu. Jumamosi saa nane mchana angekuja na pikapu amchukue ndugu yake ampeleke Kitui, akapumzike. Neno lilikuwa hilo, kupumzika, na kila mtu alielewa linaishia wapi. Mukai akakubali. Ndanu alimkumbusha kwamba kule nyumbani hakuna mtu wa mazoezi, na daktari alisema mkono unaweza kurudi.

"Mazoezi ni ya mtu ambaye yuko," mama yake akasema, akikunja taulo. "Babako hayuko, Ndanu. Tumeachiwa nguo zake tunazifua."

Ndanu alitazama kitandani. Kidole kilikuwa kikibonyeza. Ndipo akakumbuka brick game.

Alikuwa darasa la tatu wakati baba yake, askari wa geti huko Lavington, alipokuja nayo nyumbani. Watoto wa tajiri walikuwa wameitupa. Kilikuwa kidude cha kijivu chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, skrini ya kijani kibichi iliyofifia, na kitufe kimoja kikubwa cha manjano upande wa kulia. Matofali madogo yanashuka, wewe unayageuza yakae sawa, mstari ukijaa unafutika. Mzee alikuwa akikicheza siku zake za ofu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kilipotea walipohama nyumba. Lakini kile kidole kilivyobonyeza, taratibu, na kusubiri, Ndanu alikuwa amekiona mahali.

Basi akajipangia. Atafute brick game kabla ya Jumamosi saa nane. Baba akifuta hata mstari mmoja, mmoja tu, basi yuko. Na mama atakuwa ameona kwa macho yake.

Ijumaa, alipomaliza kichwa cha mwisho, alienda Soweto West kwa Billy Oyoo, mwenye banda la mabati na skrini nne ambako nusu ya vijana wa Kibera huchezea mpira wakiwa wamekaa. Billy alimsikiliza, akaomba arudie, kisha akawatangazia wachezaji wote kwamba dada huyu amekuja kutoka mwaka wa elfu mbili na mbili na wampishe akae.

"Brick game?" akasema. "Siste, hiyo ni ya museum. Hapa kitu mzee kuliko zote ni PS2, na hiyo naitumia kuzuia mlango ya choo."

"Si unifungulie hiyo choo nione kama iko na nyingine chini yake."

Billy akacheka. Alipoona Ndanu hacheki, akashusha sauti na kuuliza habari ya mzee. Ndanu akamwambia yuko vile vile. Billy akakuna kichwa, akamweleza kwamba vitu kama hivyo vikifa Kibera huzikwa Kawangware: kuna mafundi huko wananunua kila kilichowahi kuwa na betri. Aulizie Irungu wa rimoti, karibu na steji ya Hamsini na Sita.

Jumamosi asubuhi alitembea, akatokea Ngong Road, akashika Naivasha Road, akafika Kawangware miguu ikiwa na vumbi. Hakumjua Irungu, kwa hivyo akaanza kuulizia. Muuza viazi wa kwanza alisikia "brick" na papo hapo akamwonyesha hadiwea. Mwenye hadiwea alimkaribisha vizuri sana. Brick zipo, alisema, za mashine, haziwezi kupasuka, anajenga rumu ngapi? Ndanu akamwambia ni ya kumchezesha baba yake. Yule mtu akamtazama kwa muda, kisha akamwambia pole.

Irungu alipatikana kwenye kibanda kisichomtosha hata yeye mwenyewe, amezungukwa na rimoti mia moja kama samaki wa kukaanga. Alivuta katoni kutoka chini ya kiti. Ndani mlikuwa na kaseti za manjano za TV game, zile za kupulizwa kwanza ndipo zikubali; pedi zisizo na waya; waya zisizo na pedi; na kidude kimoja cha mkononi ambacho skrini yake ilikuwa imemwaga wino wote. Ndanu alipuliza kaseti moja bila kujua kwa nini. Vumbi likamwingia machoni, na kwa muda akawa na machozi, ya vumbi.

Irungu alimweleza kwamba biashara ya vitu vya kale siku hizi ni moto, ila wanunuzi ni wale wa kupiga picha. Wanataka kushika kitu cha zamani mbele ya ukuta mkuukuu. Hata hawaulizi kama kinawaka. Brick game yake ya mwisho ilichukuliwa na msanii fulani, akaitoboa, akaivaa shingoni.

"Iko moja tu naijua," akasema. "Satellite, kwa mama mmoja anaitwa Wakarima. Lakini hiyo hauzi. Anaicheza."

Kufika Riruta Satellite ilikuwa saa tano na nusu. Duka la Wakarima lilikuwa na wavu mbele, chaja zikining'inia, na nyuma ya wavu mama wa miaka hamsini na kitu, kilemba kichwani, macho chini. Ndanu aliisikia kabla ya kuiona: tit, tit, tit, halafu ule mlio mfupi wa mstari kufutika. Akasalimia. Mama hakuinua kichwa.

"Ngoja nianguke kwanza," akasema.

Ndanu akangoja aanguke. Mama hakuanguka. Mteja akaja akataka chaja, akaambiwa ajichukulie. Mwingine akaja, akaona hali, akaondoka bila kuuliza. Inaonekana mtaa ulimzoea. Saa sita ikapita. Matofali yalishuka kwa kasi ya mvua na yule mama aliyapanga kana kwamba anapanga vikombe kabatini. Ndanu alijua anapaswa kuwa na wasiwasi. Alijua vile mtu anavyojua jina la mji mkuu wa nchi ambayo hajawahi kufika. Akaegemea wavu akitazama.

Ilipofika sita na robo matofali yakajaa hadi juu, mama akaanguka. Akavuta pumzi, akapangusa skrini kwa kanga, ndipo akamtazama mgeni wake.

"Wewe ni wa picha?"

"Hapana."

"Wale wa picha hunidanganya wana mtoto mgonjwa. Wewe unadanganya aje?"

"Ni ya babangu," Ndanu akasema. "Aliparalaizi. Haongei, hajui watu. Kidole tu ndiyo inabonyeza. Leo wanampeleka ushago juu wanasema hayuko."

"Na wewe unasema yuko."

"Sisemi. Nataka kujua."

Wakarima aliusogelea wavu. Akauliza kidole kipi. Ndanu akamwonyesha. Akauliza kama kinabonyeza haraka au polepole, na Ndanu akabonyeza wavu kama baba yake anavyobonyeza: kwa muda, kisha kuachia, kisha kungoja. Wakarima alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeona tofali lisiloingia mahali. Alifungua kifuniko cha nyuma, akabadilisha betri zote mbili, akakipitisha kile kidude chini ya wavu.

"Niletee Jumatatu," akasema. "Akicheza, usiniletee."

Saa nane kasoro dakika tano Ndanu aliingia Mashimoni. Pikapu ilikuwa imesimama kando ya kioski cha maji, na godoro la baba yake lilikuwa tayari juu yake, limefungwa kamba, akina mama wenye mitungi wakilizunguka. Ndani, Anko Nzuki alikuwa akinywa chai. Mukai alikuwa amemvalisha mzee shati jeupe na kumkalisha kwenye kiti, mto ukimshikilia upande mmoja.

Ndanu aliitoa brick game. Aliiwasha, ikaimba ule wimbo wake wa kukaribisha, akaiweka mkononi mwa baba yake, kidole gumba juu ya kile kitufe cha manjano.

Kidole kikabonyeza. Tofali likageuka.

Mukai akasogea karibu. Tofali likashuka, likakaa vibaya. La pili likakaa juu yake. Kidole kilibonyeza kwa muda, kikaachia, kikangoja, na matofali hayakumngoja. Yalipanda mpaka juu kama ploti isiyo na kibali, game ikaisha. Ndanu akaanzisha tena. Ikaisha tena. Mara ya tatu mzee hakuwa hata anaitazama skrini. Alikuwa akitazama mlango.

"Hata mimi ningejaribu kuliko hivyo," Anko Nzuki akasema, na hakusema kwa ubaya. Mukai akageuka, akaanza kufungasha shuka.

Ndanu akanyoosha mkono aichukue. Mzee hakuachia. Akavuta kidogo; bado. Kisha ule mkono wa kulia, ambao tangu Machi ulikuwa haujapita mapajani, ukapanda. Ukapanda polepole mpaka brick game ikafika karibu na mdomo. Kidole kikabonyeza na kushikilia. Midomo iliyopinda ikacheza, pumzi ikatoka. Kidole kikaachia. Mzee akainamisha sikio, akangoja.

Akabonyeza tena, akapumua tena, akaachia. Akangoja.

Alipokuwa mtoto, Ndanu alikuwa akimpelekea chakula pale getini siku za likizo ya shule. Kila saa kamili, hata kama ugali unapoa, baba yake alichukua redio kol, akabonyeza, akaripoti kwa Kontroo ofisini, akamaliza na "ova", akaachia, akangoja ajibiwe. Askari asipojibiwa anarudia. Anarudia mpaka ajibiwe, maana asiyesikika huhesabiwa kuwa amelala au amekufa, na hutumiwa mtu wa pikipiki aje kumkagua. Jina lake redioni lilikuwa Mike Saba. Miezi mitatu amekuwa akiripoti kutoka kitandani, na wao wamekuwa wakimletea rimoti.

Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Mike Saba, Mike Saba, huku Kontroo," akasema. "Nimekupata. Hali yako? Ova."

Macho ya mzee yakatoka mlangoni. Kidole kikabonyeza. Safari hii pamoja na pumzi kulitoka sauti, nzito, isiyo na kona, sauti ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Haikuwa neno kamili. Ilikuwa nusu ya "shwari".

"Nimekupata, Mike Saba. Endelea."

Mkono ukashuka. Kidole kikatulia juu ya kitufe na hakikubonyeza tena. Kutoka kwa Jael redio ilikuwa inasoma habari za saa nane.

Anko Nzuki alisema huenda ni bahati tu. Akasema barabara ya Kitui ni ndefu na ingefaa waondoke kukiwa na mwanga. Hakuna aliyebisha na hakuna aliyeinuka. Mukai aliweka sufuria nyingine ya chai, wakainywa wakitazama kidole ambacho kwa saa nzima hakikufanya lolote. Ndanu alijichunguza kama sasa atalia. Hapana. Aliona tu kwamba kola ya shati la baba ilikuwa imegeuka ndani, akaitoa.

Redio ya jirani ilipolia saa tisa, mkono ukapanda. Mukai akaweka kikombe chini.

"Unamwambia aje?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Mwambie umempata. Halafu umwambie aendelee."

"Aendelee kwenda wapi?"

"Hapo hapo, Mama."

Mukai akajifunga leso upya, kama mtu anayeitwa mbele kanisani, akasogea mpaka goti lake likagusa la mumewe. Akamwita Mike Saba. Alikosea mpangilio, akasahau ova, akachanganya na Kikamba. Lakini alimwambia amempata. Mzee akapumua ile nusu ya neno, mkono ukashuka.

Anko Nzuki alikuwa ameshatoka nje bila kuaga. Walimsikia akifungua kamba, kisha akawaomba akina mama wa kioskini wampishe apitishe godoro.

Ndanu akachukua mkoba wake wa vitana. Alikuwa na mteja Olympic, na alikuwa amechelewa.

"Ripoti ya saa kumi ni yako, Mama," akasema, akatoka kumsaidia anko wake kushika upande wa pili wa godoro.