Bi Mahfoudha Anakwenda Busan

Mama alianza kufunga mizigo ya Busan miezi miwili kabla ya safari, na kwa tabia yake alianza na chakula. Alikaanga visheti akavijaza kwenye makopo ya maziwa ya unga. Akaagiza halwa Nizwa, akanunua papa mkavu sokoni, akamwomba shoga yake wa Ibra limau za kukausha. Mtu angemwona angedhani Wakorea wana njaa. Nilimkumbusha kwamba tunakwenda kwa siku tatu tu.

"Siku tatu kwako," akasema. "Mimi nakwenda kumwona mjukuu wangu."

Mjukuu huyo alikuwa Harub, aliyepewa jina la marehemu baba yetu, mtoto wa ndugu yangu Anas. Anas ni mhandisi. Kampuni yake ilimpeleka Korea kusimamia meli za gesi zinazoundwa huko, zile zinazokuja kupakia hapa Omani karibu na Sur, naye akapanga nyumba Busan, mji wa pwani, akaoa huko huko. Ndoa tuliisikia imeshapita, na mtoto tulimsikia ameshazaliwa. Mama alinuna siku mbili, ya tatu akaulizia mtoto kachukua sura ya nani. Sasa Harub alikuwa anatimiza mwaka, na mwaka wa kwanza kwa Wakorea ni karamu kubwa. Mtoto huwekewa vitu mbele yake, uzi, kalamu, fedha, na atakachokikamata ndiyo bahati yake. Mama alipoyasikia hayo alifungua kabati akatoa tasbihi ya baba.

"Na hii itawekwa," akasema.

Mpangaji wa safari nilikuwa mimi, kwa kuwa mwenye Kiingereza na kompyuta nilikuwa mimi. Nafundisha shule ya wasichana Jalan Bani Bu Hassan, na kila nikirudi nyumbani kwetu Aija, hapo Sur, nilikuta swali jipya linanisubiri. Kibla cha huko kiko upande gani? Mchele wao unapikika kwa nazi? Nilimweleza njia yote, ndege mpaka Dubai, nyingine mpaka Seoul, kisha treni ya kasi mpaka pwani. Siku ya kwanza tungepumzika, ya pili ingekuwa karamu, ya tatu ningempeleka soko la samaki na ufukweni. Ulikuwa mwaka 2007, mwezi wa Februari, na kule ni baridi kali, basi nikamnunulia koti refu Maskati. Alilivaa sebuleni kiyoyozi kikiwaka, akajitazama kwenye kioo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Nimekuwa kama godoro," akasema.

Kisha Anas akaanza kupiga simu. Mara ya kwanza alisema papa asiletwe, ananuka, majirani watalalamika. Mama akamtoa papa. Mara ya pili akasema mama asivae kanga, avae abaya tu. Mama akazitoa kanga, akabakiza moja ya kulalia. Mara ya tatu akasema atatuwekea hoteli nzuri inayotazama bahari, na mtoto ataletwa hapo tumwone. Mama akaniuliza hoteli ya nini na mwanawe ana nyumba. Nikamwambia nyumba za kule ni ndogo. Sikujua ni ndogo au ni kasri, nilisema tu kwa sababu uso wake ulinishinda.

Niseme jambo ambalo kwetu halisemwi. Baba alikuwa Mwarabu wa Ibra aliyekwenda kufungua duka Ujiji. Mama ni Mmanyema wa huko huko Ujiji, mweusi, mwenye Kiswahili kitamu na Kiarabu cha kuungaunga. Mimi na Anas tumechukua rangi ya baba. Baba alipotuleta Omani miaka ya sabini, watu wa Aija walimwita mama Zinjibari, ingawa Unguja hajaikanyaga hata siku moja. Kwenye harusi, wageni wasiomjua walikuwa wakimpa trei azungushe kahawa. Naye alizungusha. Mimi nilikuwa nikimnyang'anya zile trei na kuzibwaga chini, na nilichapwa kwa hilo. Anas alikuwa akiondoka na kwenda chumba kingine. Tulikuwa watoto, lakini mpaka leo kila mmoja wetu yuko vile vile.

Simu ya mwisho ilikuja siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwa mkekani akipanga makopo yake, nami nikafungua kipaza sauti ili wasalimiane.

"Tahani, mama yupo karibu?" Anas aliuliza hata kabla ya salamu.

Nilikuwa nataka kusema yupo. Mama akanipungia mkono, hapana.

"Ametoka," nikasema.

"Alhamdulillahi. Sikiliza, ya ukhti, kuna mushkila. Misun hataki habari ya hoteli. Anataka mfikie nyumbani, na wazazi wake watakuwepo."

"Mkeo ana adabu. Mushkila iko wapi?"

Akavuta pumzi. "Unaikumbuka ile picha yetu ya Idi? Shangazi Thuraya amekaa kitini katikati, mama amesimama nyuma. Nilipokuwa naposa niliwaonyesha. Mama mkwe akauliza, huyu aliyekaa ndiye mama yako? Na huyu wa nyuma ndiye aliyekulea? Wallahi, Tahani, sikusema ndiyo. Nilinyamaza tu."

"Basi wafahamishe sasa."

"Nitawafahamisha vipi? Shangazi alipofariki mwaka jana walinikuta nalia. Wakajua nimefiwa na mama. Walikuja wote na nguo nyeusi, mkwe wangu akanishika mikono akalia na mimi. Khalas. Kwao mama ameshakufa."

Nikamwambia maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua, naye akayapokea yote kama mtu aliyeyatarajia. Macho yangu hayakuthubutu kwenda mkekani.

"Unataka nini, Anas?"

"Nataka aje. Misun amefurahi sana kwamba yaya wangu anakuja kumwona mtoto, hata zawadi amemnunulia. Ni siku tatu tu, yaani zitapita. Wewe mwite kwa jina lake. Usimwite mama mbele yao, neno hilo wanalijua, linakaribiana na lao. Na mwambie wewe, tafadhali. Wewe unajua kusema naye."

Nikamkatia simu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wangemjua Anas wangeongeza kitu.

Mama alikuwa bado na kopo mapajani. Alibana kifuniko, akalipangusa kwa ncha ya kanga, akaliweka pamoja na mengine.

"Hatuendi," nikasema. "Kesho narudisha tiketi."

"Yangu usiiguse."

"Mama, umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Alinyoosha miguu yake mkekani, polepole, kwa sababu ya magoti. "Sasa nisikilize na wewe. Mgeni wa heshima hukalishwa kitini akapewa chai. Huletewa mtoto akambusu, kisha mtoto huondolewa. Yaya ndiye anayempakata. Ndiye anayemwogesha, ndiye anayemlaza. Wenye karamu watakuwa na karamu yao, na mimi nitakuwa na Harub mgongoni."

"Amekuzika mwanao. Uko hai, na amekuzika."

"Amenizika yeye. Mtoto kanikosea nini?" Akanitazama. "Nikisusa leo, niambie wewe mwenye kompyuta, nitamwona lini?"

Nilimwambia mimi siwezi, aende peke yake. Akasema vyema, atakwenda, atamwonyesha kila mtu tiketi mpaka wamfikishe. Mwanamke asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, na angekwenda kweli. Namjua. Basi nikakubali, na nilimchukia Anas siku hiyo kwa namna ambayo haijanitoka.

Akaanza kufungua mizigo upya. Tasbihi ya baba aliitoa kwenye mkoba wake akaitia kwenye wangu.

"Itatoka kwako," akasema. "Yaya aipate wapi tasbihi ya bwana?"

Alivua bangili zake za dhahabu akazifungia kabatini. Koti la Maskati akanipa mimi, akachukua langu la zamani lililochakaa viwiko, akalijaribu mbele ya kioo kile kile. Safari hii hakucheka. Alivuta mikono ya koti mpaka ikafunika vidole, akaridhika.

"Sasa niite," akasema.

"Nikuite vipi?"

"Jina langu. Ulimi wako haujazoea. Ukiteleza kule ukaniita mama, Anas ataadhirika, na mtoto nitanyang'anywa mikononi. Niite."

Jina la mama yangu nilikuwa nikilijua kwa kuliandika tu. Halijawahi kupita mdomoni mwangu likiwa tupu namna hiyo.

"Mahfoudha," nikasema.

"Hivyo unaomba. Haombwi mtu wa kazi."

"Mama, basi."

"Umeshateleza." Akainuka kwa kushikilia ukuta, akaenda zake jikoni, akasimama kule nisipomwona. "Mimi niko huku, wageni wako hapo na wewe. Wanataka chai. Niite."

Nilikaa peke yangu na makopo ya visheti na koti lake jipya mapajani. Nilijiambia ni kwa ajili ya Harub, nikajiambia ni siku tatu. Kisha nikapaza sauti, ile ninayotumia darasani.

"Mahfoudha."

"Labeka," mama akaitikia, akaja mbio na magoti yake mabovu, amebeba trei.