Jiwe la Tano la Marae Faretoa

Mama Tehina aliteremka melini kisiwani Huahine na mche wa mshelisheli kwapani na kisanduku cha barafu mkononi, na kila aliyejitolea kumpokea kisanduku alikodolewa macho mpaka mkono wake ukarudi mfukoni wenyewe. Ndani ya barafu mlikuwa na kondo la nyuma la mjukuu wake wa kwanza, Heimiti, mtoto wa majuma matatu, aliyezaliwa mjini Papeete kwenye ghorofa ya tatu ambako udongo pekee ni ule wa vyungu vya maua. Kondo la mtoto halizikwi kwenye chungu cha maua. Huzikwa katika ardhi ya watu wake, mti ukapandwa juu, basi mtoto akawa na kwao. Bila hivyo atatangatanga dunia nzima kama chupa tupu baharini.

Marehemu bibi yake Tehina alizoea kusema, "Sisi ni wa Faretoa, kule penye mawe," kisha akainua kidevu kuelekea machweo, na habari ikaishia hapo. Sasa mwaka uliopita wataalamu wa mambo ya kale walifyeka mwitu wa Faretoa wakayasimamisha mawe upya. Tehina aliona picha gazetini, na tangu siku hiyo hakutulia. Mawe gani? Nani alikaa wapi?

Marae yenyewe, uwanja wa ibada wa wahenga, ilikuwa ndogo. Uani kwa mtu mwenye kuku wengi pangekuwa pakubwa zaidi. Sakafu ya mawe, ukuta mfupi upande wa mwisho, na mbele yake mawe sita yaliyosimama, kimo cha mtoto wa chekechea, ambayo wakuu wa zamani waliegemeza migongo wakati wa ibada. Mzee mmoja mwembamba alikuwa akifagia majani. Huyu ndiye Papa Punua, maana wazee wa huko huitwa papa, yaani baba; ndiye mlinzi, mwenye nyumba nyuma ya ukuta.

"Umekuja kuangalia au umekuja kudai?" akauliza bila salamu.

"Nimekuja kuzika."

Punua akakitazama kisanduku, akautazama mche. Hakuhitaji kuelezwa.

"Basi umekuja kudai. Wa nne mwezi huu. Wa kwanza alikuwa mjukuu wa mfalme. Wa pili, mjukuu wa mfalme. Wa tatu alikuja na wakili, na kabla ya chakula cha mchana wakili naye akagundua kuwa ni mjukuu wa mfalme. Haya, wewe mfalme wako yupi?"

"Sijui, papa. Bibi yangu aliitwa Terava. Aliondoka hapa ana miaka kumi na miwili."

"Kina Terava ni wengi kama kaa. Hapa nimezika makondo ya wanangu, mama. Siwezi kumchimbulia mtu ardhi kwa ajili ya jina tu. Angalia mawe, piga picha. Meli inaondoka saa tisa."

Mwingine angelia, au angetoa noti. Tehina alivua viatu akaanza kuzunguka, maana barafu ilikuwa na saa mbili bado na yeye alikuwa na maswali.

"Hili limepasuka kwa nini?"

"Mkuu mmoja alipiga chafya."

"Na hili limeinama?"

"Huyo alikuwa akisinzia ibadani."

Kwenye jiwe la tano akapiga magoti. Chini kabisa palikuwa na mfuo uliolizunguka, laini, dole gumba likazama ndani.

"Na huu?"

"Hilo ndilo kubwa lao. Mungu wa bahari alifunga hapo ngalawa yake."

"Nusu saa kutoka ufukweni?"

"Zamani bahari ilikuwa ndefu."

"Ah, wapi! Hapa palifungwa kitu kifupi, chenye hasira, tena kila siku." Tehina akacheka peke yake. "Bibi alikuwa na hadithi moja tu ya huku, ya kijinga. Walikuwa na nguruwe."

Ufagio ukasimama. "Nguruwe gani?"

"Aliitwa Gavana. Akipita dirishani mwa kanisa, mchungaji anaagiza taa ziwashwe."

"Alikula nini?" Punua akasogea hatua moja.

"Kofia ya huyo mchungaji. Siku ya ubatizo. Ilikuwa na utepe wa buluu."

Mzee akaketi juu ya sakafu ileile aliyokuwa akiwakataza wageni kuikalia.

"Babu yangu, ndugu yake Terava, alichapwa kwa ajili ya kofia ile. Maisha yake yote aliapa kwamba kamba aliifunga!"

"Aliifunga. Bibi yangu ndiye aliyemfungua nguruwe. Aliniambia siku mbili kabla ya kufa, akacheka mpaka tukaita daktari."

"Mwizi wee, Terava!" Punua alipiga paja, machozi yakamtoka. "Wafalme wote wale, hakuna hata mmoja aliyemtaja Gavana! Sikia, mdogo wangu. Wataalamu walipouliza jiwe hili lilisimama wapi, ningesema bandani kwa nguruwe? Jiwe zuri hivi? Nikasema mbele kabisa. Juzi mheshimiwa mmoja kaliegemea, kapigwa picha."

"Utawaambia?"

"Kwanza twende tuchimbe."

Nyuma ya ukuta mishelisheli ilikuwa imejipanga kama watu wanaongoja zamu. Tehina akataka kuanza penye kivuli.

"Si hapo! Huo ni wa kaka yangu. Alikuwa mgomvi, mizizi yake nayo ni migomvi. Njoo hapa, kati ya wangu na kile kisiki. Kisiki ni cha Terava. Kimbunga kiliuangusha mti, lakini unachipua kila mwaka, mkaidi kama mwenyewe."

Tehina akakiangalia kisiki, kisha akachimba mwenyewe, magotini, akikataa koleo. Walipokwisha kushindilia udongo kuzunguka mche, honi ya meli ikalia bandarini na hakuna aliyegeuka.

"Haya, mtambulishe," akasema Punua.

"Huyu ni Heimiti," akaanza Tehina kwa sauti ndogo, "binti wa..."

"Sauti, dada! Hawa wazee wana udongo masikioni."