Figo Langu la Makwale

Figo langu la kushoto linaishi Makwale, tumboni mwa Anyosisye, mtoto wa mjomba wangu. Mimi Tupokigwe ninaishi Ndandalo na lile la kulia. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, kwa hiyo nilipompa figo hilo kule India, nilimpa pamoja na maneno yangu. Asante hakuitoa. Alisema mtani hashukuriwi.

"Usilizoeshe pombe," nilikuwa namwambia kila gulio. "Limelelewa kikristo."

"Kikristo gani? Tangu niwekewe nimeanza kusengenya majirani."

Wakati huo alikuwa ameshapata jina. Chama cha ushirika kilikuwa kimeishiwa kauli, wanunuzi binafsi wameruhusiwa, naye akawa ananunua kakao na kuzungumza kama waziri. Lakini alichojivunia kuliko mizani yake ni mkono wake wa kushoto. Enzi za kusafishwa damu kwa mashine, madaktari walimuunganishia mishipa miwili pale kwenye kiwiko ili sindano zipate njia pana. Mshipa ukavimba, ukawa unanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga iliyo mbali. Baada ya India hakuuhitaji tena, ila mngurumo ulibaki, naye akajiaminisha kwamba ndiyo sauti ya figo. Alikuwa ananiwekea mkono sikioni. "Sikia, mtani. Hata humu unanisema."

Gulio moja nikamkuta amekaa juu ya gunia la kakao, viatu kavua, miguu imevimba. Nikamuuliza nani kamruhusu kukalia kakao za watu na figo langu ndani. Akatabasamu tu. Nikasubiri jibu, kwa sababu mtani hanyimwi jibu, nikaona kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye kitanda cha upasuaji.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno," akasema, akapumzika kidogo. "Nilificha. Ungedhani... figo lako limenishinda kulitunza."

Nilimtukana tusi moja dogo, nikampeleka hospitali. Tukatumwa kutoka moja hadi nyingine, mpaka Dar es Salaam, kwa Daktari Georgina, aliyempiga picha ya moyo.

"Figo ni zima," daktari akasema. "Una presha ya mapafu."

"Presha yangu hupimwa kila kliniki, mama. Iko sawa."

"Ile ni nyingine. Hii imo kwenye mishipa inayotoka moyoni kwenda mapafuni. Kile kipimo cha mkononi hakiioni." Akaugusa ule mkono unaonguruma. "Mshipa huu unarudisha damu nyingi mno moyoni, na moyo unaisukumia yote mapafuni. Mapafu yameelemewa. Ninataka tuufunge."

Anyosisye akauficha mkono kifuani. "Ukiufunga, utaliua figo la mtani wangu."

Daktari akaeleza, akachora, akaeleza tena. Mtu mzima, mnunuzi wa kakao, akatazama ukuta. Alikuwa tayari kufa akihema, ili mradi figo langu lisikike likinguruma.

Nikamshika mkono, nikaubandika ubavuni kwangu. "Lile lililobaki liko humu. Linanguruma?"

Akasikiliza. "Halingurumi."

"Na chooni huwa naenda kufanya nini?"

Daktari akainamia makaratasi kuficha kicheko. Anyosisye akanyoosha mkono.

Baada ya upasuaji alikuwa anaweka sikio pale kwenye kiwiko, na uso kama wa mtu aliyefiwa. Sikumtania. Nilirudi Ndandalo nikiwa na hofu yangu, kwani daktari alisema wengine hupata nafuu na wengine hawapati.

Mvua zilipokatika nikasikia hodi. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Nani kakuruhusu kutembeza figo langu juani?" nikamuuliza, kisha nikajuta, kwa kuwa nilikumbuka lile gunia.

"Tupokigwe binti shangazi, figo lenyewe jeusi, bishi, linapenda wali wa watu kama mwenyewe, limenisumbua njia nzima linataka kwao, na kama ningejua ningeomba la mbuzi, ndaga fijo, mtani."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, na ile asante ya kilugha chetu mwishoni. Nilikuwa nalia. Nikampisha aingie ndani, wali ulikuwa unapoa.