Buluu ya Papa

Mimi nina hasira za karibu, na sijawahi kuzificha vizuri. Siku taa ilipopasuka mbele ya darasa zima la mwaka wa pili, hasira zangu zote nilizielekeza kwa mtu ambaye hakuwamo hata chumbani: baba yangu, Papa Grégoire, zamani fundi umeme wa Uvira, Kongo, sasa fundi umeme wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda.

Ulikuwa mtihani wa vitendo. Sisi tunaosomea uhandisi wa mitambo na umeme tulipewa kila mmoja ubao wenye mota moja na taa moja, na kebo nene yenye nyaya nne: nyekundu, njano, buluu na nyeusi. Nyaya tatu zinaleta umeme, hizo ndizo fezi. Moja inaurudisha, hiyo ndiyo nyutro. Kazi yenyewe ni kujua ipi ni ipi, kuziunga, kisha kumwita fundi wa maabara aje awashe. Wenzangu walikuwa bado wanakuna vichwa, mimi nimeshamaliza na kukunja mikono. Kwa nini nisimalize? Nimeshika koleo kabla ya kushika kalamu. Nikiwa na miaka sita nilikuwa namshikia Papa nyaya ukutani, naye akinisomesha kwa Kifaransa chake cha kazi: bleu, neutre, noir, phase. Basi buluu nikaipeleka kwenye nyutro, nyeusi nikaipeleka kwenye fezi. Mita ya kupimia ilikuwa pale pale mezani na sikuigusa.

Bwana Byaruhanga akawasha. Mota ikanguruma bila kuzunguka. Taa ikawaka nyeupe kupita kiasi, halafu ikapasuka, na vioo vikatapakaa juu ya karatasi yangu ya majibu.

Huyu Byaruhanga ndiye fundi wa maabara yetu. Kabla ya kuja chuoni alitengeneza magari na majenereta jeshini. Akiwa ametulia huzungumza Kiingereza kama walimu wengine. Akikasirika hurudi kwenye Kiswahili cha askari.

"Nani alifundisha wewe hii kazi?" aliuliza.

Darasa lilikuwa linacheka. Jina la Papa lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza.

"Hakuna mtu, sir. Nilijifunza mwenyewe."

"Basi hiyo mwalimu yako iko mbaya sana," alisema, na wakacheka zaidi. Akanivuta hadi kwenye chati iliyobandikwa ukutani, ambayo nilikuwa nikiipita tangu mwaka wa kwanza bila kuisoma. Kwenye kebo za zamani za Uganda buluu ni fezi, tena kali kama nyekundu. Nyutro ni nyeusi. Yote niliyoyajua tangu utotoni yalikuwa kinyume. "Jumanne unarudia. Ukianguka tena, mimi hapana weza saidia."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Ufadhili wangu haumsubiri anayerudia mwaka. Nikianguka Jumanne, narudi kambini kulima maharagwe na kuwaambia watu kwamba nilikuwa karibu kuwa mhandisi.

Nilirudi kwenye chumba changu pale Ruharo, mjini Mbarara, nikakaa kitandani na viatu miguuni. Nilimkasirikia Papa kwa kunilisha uongo miaka yote. Nilijikasirikia kwa kumkana. Hasira ya kwanza nilijua pa kuipeleka, hiyo ya pili sikujua. Jumamosi asubuhi nikatia mita yangu begini nikaenda Nakivale kugombana.

Nyumbani mama alisema Papa yuko Base Camp, katikati ya kambi, kwa Maman Pulchérie. Maman Pulchérie ni mwenye mashine ya kusaga unga. Wiki ile alikuwa amenunua Mbarara jenereta kubwa lililokwishatumika, lenye uwezo wa kuendesha mashine na bado likabaki na nguvu ya kuchajia simu za watu kwenye kibanda cha pembeni. Nilimkuta amesimama mlangoni na kitenge kipya. Nje, wanawake walikuwa wamekalia magunia yao ya mahindi. Kwenye kibanda, simu kama thelathini zilikuwa zimeshachomekwa zikisubiri umeme, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina. Moja iliandikwa "Muzee wa ng'ombe, Endiinzi". Wenye simu wengine niliwajua: hizo ndizo wanazosikilizia habari za ndugu zao waliobaki Uvira na Fizi.

Papa alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi la umeme, kebo ya jenereta mkononi. Nyaya nne: nyekundu, njano, buluu, nyeusi. Alikuwa anaikaza buluu kwenye nyutro.

Niliyokuja nayo yote, maneno niliyoyapanga njia nzima, yalinitoka. Nilichokiona ni zile simu thelathini.

"Papa, acha kwanza."

"Béné. Umekuja wakati muzuri." Hakugeuka, alinyoosha mkono tu apewe bisibisi. "Nipe ile tournevis ndogo."

"Papa, bleu hapa haiko neutre."

Hapo akageuka. Papa ni mtu mpole, lakini kazi yake haichezewi, na hasa haichezewi mbele ya wateja.

"Bleu njo neutre," alisema polepole, kama anavyosema na mtoto. "Tangu ningali kijana ku Uvira, bleu njo neutre."

"Ku Uvira, ndiyo. Huku Uganda, kwa kebo kama hii, bleu ni phase. Noir njo neutre."

Akawatazama wale wanawake, akacheka kidogo. "Munasikia? Nimemutuma ku chuo, anarudi kunifundisha noir njo neutre." Nao wakacheka, kwa heshima. Maman Pulchérie hakucheka.

"Papa Grégoire," alisema, "simu za batu ziko mule. Zikiungua, miye sitaonekana tena hapa Base Camp."

"Haziungui, Maman. Niko mu kazi hii miaka makumi tatu."

Aliinama tena kwenye boksi. Ningeweza kumpigia kelele, na kelele ninazo. Lakini nilijua angeongeza ukaidi, maana ukaidi wangu niliurithi kwake. Nikapiga magoti kando yake kwenye vumbi la unga, nikasema kwa sauti ya kusikika na sisi wawili tu:

"Papa, ulinifundisha neno gani la kwanza? Mbele ya bleu, mbele ya noir."

Bisibisi ikasimama.

"Pima kwanza, mukono nyuma," nilisema. Ndivyo alivyokuwa akiniambia kila tulipoingia nyumba ya mtu: kipimo kitangulie, mkono ufuate. Aliwahi kunichapa kofi kwa kusahau. "Basi tupime. Kama nimekosea, nitakuomba pardon mbele yao bote."

Sheria ilikuwa yake mwenyewe, hakuwa na pa kupenyea. Akazifungua zile nyaya nne, akazitenganisha ncha zisigusane, akawarudisha watu nyuma. Mimi nikachomoa simu zote, moja moja. Kisha akamfanyia Maman Pulchérie ishara awashe jenereta.

Niliweka ncha moja ya mita kwenye nyekundu na nyingine kwenye buluu. Kama buluu ingekuwa nyutro, ingesoma mia mbili na thelathini na kitu, kiasi ambacho chaja ya simu inakiweza. Ilisoma mia nne na tano.

Papa alisogeza uso karibu na kioo. "Rudilia," alisema.

Nikarudia. Mia nne na tano.

"Noir sasa."

Nyekundu na nyeusi: mia mbili thelathini na nne.

"Rudilia."

Nilirudia mara tatu, kwa njano pia, na mita haikubadili maneno. Papa akafanya ishara jenereta lizimwe. Akakaa chini kabisa, mgongo kwenye ukuta, akatazama kibanda cha simu. Sijawahi kumwona baba yangu akiogopa umeme. Siku ile aliogopa.

"Ningaliua simu za batu bote," alisema.

Nilipaswa kunyamaza. Lakini lile la kumkana nilikuwa nimelibeba tangu Jumatano ya mtihani, likatoka vibaya, wakati mbaya kuliko wote. Nilimwambia juu ya taa iliyopasuka. Nikamwambia fundi aliniuliza nani alinifundisha, na nikasema hakuna mtu.

Papa alifikiri. Halafu akasema, bila uchungu wowote, "Ulifanya vizuri. Jina yangu ingalikuharibia."

Afadhali angenichapa lile kofi. Niliumia, nikachukua koleo nikaanza kazi. Tulifanya pamoja hadi saa tisa. Kila waya nilifunga utepe mweupe na juu yake nikaandika tulichopima, siyo rangi: F kwa fezi, N kwa nyutro. Papa alikuwa akisoma, mimi nikiandika. Mwisho alininyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe kwenye kifuniko cha boksi, kwa herufi kubwa: BLEU YA HAPA INAUA. Mashine ikasaga, simu zikaingia chaji, na Maman Pulchérie akanifungia kilo mbili za unga nirudi nazo Mbarara.

Jumanne tulikuwa sita wa kurudia. Bwana Byaruhanga alikuwa ametuandalia ubao mpya. Kebo ya zamani iliingia kwenye boksi lililofungwa kwa skrubu na kupakwa rangi, na upande wa pili ikatoka kebo ya aina nyingine ambayo sikuwahi kuifanyia kazi: kahawia, nyeusi, kijivu na buluu. Hairuhusiwi kufungua boksi. Mvulana wa kulia kwangu alikuwa ameshaikariri chati ya ukutani neno kwa neno. Nyeusi ni nyutro, alijisemea, na mkono wake ukaenda.

Wangu nao ulitaka kwenda, nakiri. Siku sita nzima nilikuwa nikijirudia, nyeusi nyutro, buluu fezi. Nikauweka mfukoni. Nilichukua mita, nikaomba niwashiwe umeme wa kuingia tu, nikapima. Kila waya na kila mwenzake, mara tatu, kama Papa alivyotaka pale kwenye unga. Nyeusi iliyotoka kwenye boksi lile ilikuwa fezi. Buluu ilikuwa nyutro. Nikazima, nikafunga tepe zangu nyeupe, nikaandika, nikaunga. Nilikuwa wa mwisho kumaliza.

Alipita akiwasha. Taa mbili zilipasuka kabla ya kunifikia. Yangu ikawaka kama taa ya nyumbani, na mota ikazunguka.

Bwana Byaruhanga alisoma tepe zangu, akasaini karatasi, akanirudishia. Safari hii hakuuliza chochote. Nilifika mlangoni na karatasi yangu ya kufaulu, na ningeweza kuondoka nayo. Nikarudi.

"Sir, Jumatano uliniuliza nani alinifundisha kazi. Nilikudanganya. Ni baba yangu. Anaitwa Grégoire, fundi wa Uvira, yuko Nakivale. Alinifundisha buluu ni nyutro. Lakini kabla ya hapo alinifundisha kupima."

Alinitazama, kisha akaitazama ile kebo ngeni kwenye ubao.

"Hii kebo ndiyo inakuja sasa," alisema. "Mpya yote iko hivi. Buluu nyutro. Ya zamani bado iko mingi, ndiyo maana mimi nachanganya nyinyi." Akakuna shingo. "Ambia huyo mzee alikuwa sawa. Ila alifika mapema, kebo ilikuwa bado kufika."

Nilimpigia Papa nikiwa bado uani. Alipokea akiwa kwa Maman Pulchérie. Mashine ilikuwa inanguruma hata nikalazimika kupaza sauti. Nikamwambia nimepita. Akasema Mungu asifiwe, akasema mama atafurahi. Nikamwambia nilimtajia yule fundi jina lake.

"Jina yangu?"

"Yako, Papa. Na Uvira, na yote."

"Naye akasema nini?"

"Amesema ulikuwa sawa. Kebo mpya zinazokuja, bleu njo neutre. Amesema ulifika mapema tu, kebo ndizo zilichelewa."

Kisha nikamsikia akiita, simu ikiwa mbali na mdomo wake: "Maman Pulchérie, zima mashine kwanza. Batu bote munyamaze." Ngurumo ikapungua, ikakatika, na sauti yake ikarudi karibu.

"Béné," alisema. "Rudilia."