Kompyuta Kuukuu na Ovaroli Kumi na Tisa

"Wifi, hii si kompyuta, ni jiko," karani alisema, kiganja chake kikiwa juu ya mashine. "Ungeteleka chai hapa ingechemka kabla hiki kioo hakijafunguka."

"Iache na mwendo wake," mshonaji alijibu bila kuinua uso kwenye cherehani. "Inachelewa lakini inafika."

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Kompyuta ilikuwa imewashwa saa mbili, na sasa saa mbili na nusu ilikuwa imeamka lakini bado inapiga miayo. Feni yake ilivuma kuliko cherehani. Kibodi ilikuwa imemeza nyuzi za rangi zote, na herufi M haikubonyezeka mpaka uitie ukucha.

Karani alikuwa dada wa mume wa mshonaji, mfanyakazi wa masjala katika ofisi yenye mafaili mengi kuliko watu. Wiki hiyo na iliyofuata alikuwa likizo. Mdomo wake haukuwa likizo. Kule ofisini alikuwa amemwona fundi akizitia kompyuta zilizokuwa njiani kwenda jalalani Linux nyepesi, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiouzwa na ambao yeyote anaruhusiwa kuunakili na kuurekebisha, nazo zikainuka zikatembea. Akaulizauliza, akafundishwa, akazifufua mbili kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo alitembea na flashi mkobani kama mkunga na mkasi wake.

"Nipe saa mbili tu," alisema. "Nikishindwa, niite jina lolote."

"Majina ninayo tayari," mshonaji alisema. "Ila kesho naanza kukata. Sitaki mchezo."

Na kweli haukuwa wakati wa mchezo. Gereji kubwa ya barabara ya juu ilikuwa inahamia jengo jipya, na mafundi wake kumi na tisa walitakiwa kuvaa ovaroli mpya Jumatano ijayo. Mshonaji hakuwahi kupata kazi ya namna hiyo. Maisha yake yote alishonea mtu mmoja mmoja, na katikati alipunguza suruali za watu waliokonda. Ovaroli hizi zikitoka vizuri, angepewa na za tawi la pili. Alikuwa ameshapiga hesabu: ovaroli tatu kwa siku, siku saba, bila siku ya kuumwa wala ya kupiga soga. Vipimo alishachukua. Vilikuwa ndani ya hilo jiko.

"Ndiyo maana nataka ikufungukie haraka," karani alisema, akavuta kiti.

Kwanza alihamisha vitu. Kila folda aliyoiona aliinakili kwenye flashi ya pili: Barua, Picha, Mishono, na moja iliyoitwa Folda Mpya ambayo haikuwa mpya hata kidogo.

"Kuna kingine?"

"Vyote viko humo humo," mshonaji alisema, huku pini tatu ziko mdomoni.

Pembeni mwa kioo kapu la takataka lilikuwa limefura, faili mia mbili na kumi. Karani alicheka peke yake. Anayehama nyumba habebi takataka. Akaliacha.

Akazima, akachomeka flashi yenye Linux, akawasha huku anagonga kitufe kimoja juu kwenye kibodi kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni. Maandishi meupe yakateremka. Akachagua kuijaribu kwanza bila kuiweka, ili mwenye mali aone. Haikumaliza dakika mbili, uso mpya wa bluu ukatokea, na feni, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, ikanyamaza.

Mshonaji alitema pini. "Imekufa?"

"Imepumua, wifi."

Kisha akabonyeza pa kuiweka moja kwa moja. Mashine ikauliza: ifute diski yote?

"Kufuta diski ndiyo nini?"

"Ni kufagia nyumba kabla ya kupanga vyombo. Vyombo vyako ninavyo hapa mkononi."

"Haya, fagia."

Ikafagia. Mstari ulijisogeza taratibu mpaka ukafika mwisho. Mtandao uligoma kidogo, karani akaiunganishia simu yake kwa waya mpaka ukakubali. Ikazimwa, flashi ikachomolewa, ikawashwa. Walihesabu pamoja kwa sauti kama watoto wanaocheza kujificha. Walipofika arobaini na moja, ilikuwa imefunguka.

"Wifi, wewe mchawi!"

"Mchawi hupewa kuku. Mimi nishonee sketi."

Akarudisha folda zote, akampisha mwenyewe kiti. Mshonaji alifungua hiki, akafunga kile, akacheka, akaibonyeza M bure kwa furaha. Kisha kicheko kikapungua.

"Kapu langu liko wapi?"

"Hilo hapo. Safi kama sahani ya mgeni."

"Liko tupu."

"Si ni la takataka?"

"La takataka kwenu!" Mshonaji aligeuka, akanyoosha kidole chini ya meza ya kukatia. Kulikuwa na kapu kubwa la ukindu, limejaa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye mishono. "Mimi nikitaka kola natoa pale. Nikitaka mfuko natoa pale. Kitu nitakachokihitaji tena ndicho ninachotia kapuni. Zile folda zilikuwa zinafunguka kwa robo saa, lile kapu la kwenye kioo liko pale pale mlangoni. Vipimo vya watu vyote niliweka humo."

Kule masjala, kinachotiwa kapuni huchomwa Ijumaa na mtu anatia saini kwamba kimechomwa.

"Hata vya gereji?"

"Vya gereji vilikuwa juu kabisa."

"Na ile karatasi uliyoandikia siku ya kuwapima?"

Mshonaji aliinua kutoka mezani pateni ya kola, kigezo cha kukatia alichokitengeneza kwa karatasi hiyo. Upande wa pili kulikuwa na kifua cha mtu mmoja na nusu ya kiuno cha mwingine. Karatasi iliyobaki ilishakatwa ikazolewa na fagio.

Karani alimpigia yule fundi wa ofisini, ambaye alisema kwa upole kwamba ukuta ukishapakwa rangi mpya, usitegemee kusoma kilichoandikwa chini yake. Mshonaji alisikia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuuma karani. Alikaa tu anakunja futi ya kupimia kidoleni, anaikunjua, anaikunja tena.

"Nikienda kuwaambia nimepoteza vipimo," alisema, "hiyo kazi ataichukua mwingine leo hii."

"Huendi wewe," karani alisema. "Nipe hiyo futi."

Saa saba alikuwa mbele ya msimamizi wa gereji, mtu mwenye kalamu sikioni na haraka usoni.

"Vipimo vimepotea. Niliyevipoteza ni mimi, fundi cherehani hana kosa."

"Mmepoteza vipimo kabla ya kukata. Mkishakata mtapoteza nini?"

"Kabla ya kukata ndiyo afadhali, kaka. Na kesho asubuhi anakata kama alivyokuahidi."

Msimamizi alitazama saa. "Nusu saa, kabla hawajamaliza chakula. Kazi ikianza, futi yako inatoka."

Karani hakuwahi kumpima mtu maishani mwake. Aliwafuata wale mafundi benchi kwa benchi, futi shingoni, daftari kwapani.

"Tulishapimwa!" mmoja waliyemwita Dizeli alilalamika. "Mnashona ovaroli au majeneza?"

"Ukiendelea kurukaruka, nitashona vyote viwili. Simama."

Dizeli akasimama wima kama mlingoti. Kijana aliyeitwa Bolti alicheka kila futi ilipomgusa mbavu, ikabidi ashikwe na wenzake wawili. Mzee wa Breki alikuwa chini ya lori na hakuwa na nia ya kutoka.

"Nipime huku huku, mwanangu."

"Mzee, huku naona miguu tu."

"Anza na miguu basi."

Alianza na miguu. Dakika ya ishirini na tisa alikuwa na watu kumi na tisa daftarini na grisi mpaka kwenye nyusi.

Karani aliporudi, mshonaji aliyasoma yale maandishi, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Mbona wote wamenenepa? Wiki mbili tu. Uliwapima juu ya nini?"

"Juu ya ovaroli zao."

"Hata hukuwaambia wafungue vifungo?"

"Wifi, mimi ni karani. Wanaume kumi na tisa niwaambie wafungue vifungo?"

Hapo ndipo mshonaji alipocheka, kidogo, kwa pua. "Punguza inchi moja na nusu kila kifua, moja kila kiuno. Viandike upya kwenye kompyuta. Na viweke kwenye folda, sasa zinafunguka."

Karani aliandika, akatia ukucha kwenye M, akanakili kwenye flashi mbili. Kesho yake saa mbili alirudi, kwa sababu mikono ya mshonaji ilikuwa na mkasi na chaki na lazima mtu amsomee. Keshokutwa vivyo hivyo. Likizo ikaenda hivyo, anasoma vifua na viuno na kukata nyuzi kwa meno.

Jumatano zilifika ovaroli kumi na tisa. Kumi na nane zilikaa kama zilizoota mwilini. Ya kumi na tisa ilikuwa ya Dizeli, na haikufunga. Vifungo vya tumboni vilitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana.

"Ulimpimaje huyu?" mshonaji alinong'ona.

Karani alimkazia macho Dizeli. Dizeli akatazama dari la jengo jipya.

"Sema, kaka."

"Nilibana tumbo," Dizeli alisema. "Ningefanyaje, dada? Anayenipima ni mwanamke."

Gereji nzima ilivunjika mbavu. Mshonaji alipiga goti, akakagua mshono wa ubavu. Alikuwa ameacha akiba ya kitambaa ndani, inchi mbili kila upande, kama anavyowaachia watu wote. "Leta. Kesho unaipata."

Msimamizi alitoa kalamu sikioni, akatia saini ya kupokea, kisha akauliza: "Na tawi la pili, nani ataenda kupima?"

"Wifi yangu huyu," mshonaji alisema, akikunja ile ovaroli. "Ila safari hii atawaambia kwanza wapumue."