Bibi Harusi na Seva Iliyogoma

Swabaha alikuwa amekaa mkekani nyumbani kwao Biharamulo mjini, mikono yote miwili imepakwa hina mbichi, simu yake ilipoita. Shangazi yake, Semeni, akaipokea.

"Shikamoo mama. Naitwa Pancras, nafanya kazi na Swabaha hospitalini huku Ngara."

"Marahaba. Bibi harusi hapokei simu za kazi leo."

"Naelewa, mama. Ila wenzangu wameshavaa kuja harusini, na mganga mkuu kasema siondoki mpaka seva ya tatu ikubali. Na gari la kutuleta ni langu."

Semeni akamtazama bibi harusi, akabonyeza spika na kumwekea simu magotini.

Hospitali ilikuwa inaunganisha seva tatu zifanye kazi kama moja, ili mashine moja ikifa picha za eksirei zisipotee. Swabaha alikuwa ameandaa mbili kabla ya likizo. Kwa Pancras alibakiza kazi aliyoiona nyepesi: kuiwekea ya tatu programu ya mtandao ili ijiunge na wenzake.

"Inasemaje?" Swabaha akauliza.

"Inasema maandalizi yameshindikana. Nimerudia mpaka kidole kinauma."

"Acha kurudia. Saa yake inalingana na zile mbili?"

"Inalingana. Na zinaonana kwenye mtandao, nimepima."

Swabaha alifumba macho. Mwanamke aliyempaka hina alikuwa anamalizia kidole gumba, naye hakumzuia.

"Pancras, ile mashine tuliitoa wapi?"

"Stoo, jengo la zamani."

"Na huko ilikuwa imeunganishwa na nyingine?"

"Ndiyo. Kwenye ule mfumo wa zamani."

"Basi angalia kama programu ya mtandao ya zamani bado imo. Kama imo, mpya haiwezi kukaa juu yake."

Vidole vya Pancras vilisikika vikigonga kibodi. Kisha akacheka. "Imo yote. Nilifuta picha za wagonjwa tu, nikadhani nimesafisha."

"Mimi pia nilidhani hivyo. Itoe, uiwashe upya, halafu uiandae tena."

Seva kubwa haiwaki haraka. Wanawake waliokuwa wakiimba ukumbini walinyamaza mmoja mmoja, wakasogea mlangoni kusikiliza feni za mashine zikivuma kutoka Ngara. Semeni, ambaye hakuwahi kuiona seva, alikuwa ameinama juu ya simu kama anayesubiri mtoto azaliwe.

"Imefika wapi, mwanangu?" akamuuliza Pancras.

"Nusu, mama. Inaendelea. Inaendelea... Imekuwa kijani. Zote tatu kijani."

Semeni ndiye aliyeanza vigelegele. Wengine wakapokea, na Swabaha akainua mikono yake hewani isiguse kitu, akicheka mpaka machozi yakamtoka, na shangazi akamfuta kwa upindo wa khanga.

Alasiri gari la Pancras lilisimama nje, limejaa vumbi jekundu, abiria wakishuka na wimbo wa Kihangaza, lugha ya huko Ngara. Semeni aliwasubiri getini.

"Pancras ni yupi?"

Kijana mrefu mwenye tai iliyopinda akainua mkono.

"Karibu, mwanangu. Umechelewa kula," alisema, akamshika mkono kumpeleka palipokuwa na sinia la pilau.