Injini Isiyo na Moto

Kwenye uwanja wa magogo wa mgodi ule wa makaa ya mawe, kando ya mto Ruhr, moto ulikatazwa kabisa. Ndiyo maana kampuni ikaleta injini ya ajabu: pipa refu la chuma lenye magurudumu, halina tanuri, halina bomba la moshi. Hujazwa mvuke kutoka boila kuu, kisha huvuta magogo saa nzima. Bruno Wischnewski, dereva wake, alivimba kichwa, ingawa wenzake walimtania kwamba anaendesha birika.

Wachimbaji wa kule walikuwa na mazoea yao: injini isiyotoa moshi imelala, kaa mbele yake, kula mkate wako, jipashe joto. Bruno alifundishwa hivyo na baba yake, mzee Gottlieb, aliyepanga magogo uwanjani hapo. Lakini hii ilikuwa na sharti lake. Kila ikisimama lazima itiwe kabari gurudumuni, kwa kuwa mvuke, hata ukifungwa, hujipenyeza na kuisukuma injini.

Mchana mmoja wa Novemba Bruno aliisimamisha, akafunga mvuke, akasikiliza. Kimya. Akaona uvivu kuinama kutia kabari kwenye kitu kilicholala, akaenda zake kuchukua kahawa.

Alikuwa hajainywa alipoiona injini inatembea. Ilikwenda polepole, bila sauti yoyote. Gottlieb alikuwa amekaa relini, ameipa mgongo, anatafuna. Bruno akatupa kahawa. Akakimbia. Alichelewa hatua nne tu.

Mzee hakulia. Alitazama pale miguu yake ilipokuwa, akauliza buti lake moja limekwenda wapi. Bruno hakuamini, na huku anaona.

Msimamizi Overkamp alifika mbio, akauliza ni nani aliyeiacha injini bila kabari. Watu wote wakamgeukia Bruno.

"Niliitoa mimi," Gottlieb akasema. "Ilinibana nikikaa."

Overkamp akaenda kuhimiza machela. Bruno akapiga magoti.

"Baba, sikuitia kabisa."

"Najua. Una watoto watatu wewe. Fumba mdomo."

Machela ilipofika, wabebaji hawakuwa na haja tena ya kukimbia. Jioni, ofisini, iliandikwa kwamba marehemu aliondoa kabari kwa mkono wake mwenyewe. Overkamp akasogeza kalamu, akaomba shahidi atie sahihi, na Bruno akatia.